Jina Lililotangulia

Mama yangu alinipiga marufuku kutaja neno kinyesi ndani ya nyumba yake. Alikuwa na haki. Kila Jumapili nilipopata usafiri wa kwenda kwetu Murusagamba, tukishatoka misa na kukaa kwenye ndizi na maharage, mimi sikuwa na habari nyingine ya kusimulia. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilikuwa daktari kijana kwenye maabara ndogo pembeni mwa kambi ya Lukole, napokea vinyesi vya wagonjwa wa kuhara damu, naviotesha kwenye visahani vya kioo, kisha natazama ni dawa ipi inaua vijidudu na ipi inapita tu kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Mwanangu," mama aliniambia siku moja, "nilikusomesha uwe daktari. Naona umekuwa mlinzi wa choo."

Nilimjibu kwa ukali, maana mdomo wangu hauna breki na haujawahi kuwa nayo. Nilimwambia huyo mlinzi wa choo ndiye anayefanya watu wasizikwe. Mama akaniongezea maharage. Ndivyo alivyokuwa akinishinda.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Ndani kulikuwa na darubini, jokofu la mafuta ya taa, na kabati la joto la kuoteshea vijidudu ambalo nililipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Maabara hiyo ililetwa na shirika lililokuja na wakimbizi, lakini wenyeji pia walihudumiwa, na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa. Kabla ya hapo, vipimo vya Ngara vilikwenda Mwanza. Kichupa kinafungwa kwenye boksi la barafu, kinasubiri gari, gari linasubiri askari wa kusindikiza msafara kwenye pori la upande wa Biharamulo, barafu inayeyuka, pantoni ya kuvukia ziwa pale Busisi imeharibika. Majibu yakirudi, mgonjwa amepona mwenyewe au amezikwa. Kuna mama mmoja wa Bukiriro niliyemkabidhi majibu ya mtoto wake, yamepigwa mhuri vizuri kabisa, wakati nyumbani kwake walishaanua matanga. Aliyapokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Kama angenitukana ningesahau. Alinishukuru, na mimi nikaapa moyoni kwamba maabara ikifika Ngara, haitoki tena.

Sasa niwaeleze habari za Mzee.

Mzee alikuwa mkuu wangu katika hospitali niliyoanzia kazi, hapo hapo Ngara. Alikuwa mtu wa Biharamulo, mrefu, mtaratibu, anayevua kofia hata akisalimiwa na mtoto. Alinipokea nikiwa nimetoka chuoni na ujuaji wangu wote, akanifundisha kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumgusa. Alikuwa pia na kichwa kigumu. Nilipomwendea na kumwambia nashuku dawa tunayoitegemea kwa kuhara damu imechoka, haiui tena, alinitazama kama nimemwambia jua limechoka.

"Dawa hiyo naitumia tangu wewe hujaanza shule," alisema. "Kanywe maji ukapumzike, binti."

Nikamwomba nafasi kidogo kwenye jokofu ili nitunze vipimo. Akakataa, jokofu lilikuwa la chanjo. Nikanuna. Nikaenda kwa masista wa misheni, nao wakanipa rafu ya chini ya jokofu lao, chini ya siagi yao, kwa masharti kwamba nisiwaambie ni vitu gani. Nilifanya kazi ile kwa shida, kisha maabara ya Lukole ilipofunguliwa nikaimalizia pale. Vijidudu vilikuwa vinaota juu ya dawa kama nyasi baada ya mvua. Nilimpelekea Mzee visahani vyenyewe. Alivitazama akaviinua dirishani, akavitazama tena, na kesho yake akabadilisha dawa wodini. Hakusema alikosea. Alisema, "Andika."

Nikaandika. Nilipiga chapa kwenye mashine ya ofisi yake, ile yenye utepe uliokauka, na pale yanapokaa majina ya waandishi niliweka la Mzee kwanza na langu likafuata. Sikufikiria hata kidogo. Nyumbani kwetu mkubwa ndiye anayenawa mikono kwanza, ndiye anayepewa kiti chenye mgongo, ndiye anayefungua maneno. Mimi nitangulie kumpita Mzee, tena kwa maandishi, watu waseme binti wa Murusagamba hana adabu? Mzee aliposoma aliona jina lake mbele, akatabasamu, akasema "haya," akaanza kusahihisha nukta na koma. Hakuomba, na mimi sikuona kama nimetoa kitu. Makala zilizofuata nilizipanga vilevile, zote.

Basi zikachapishwa nje, na baada ya muda kadi zikaanza kuja. Enzi zile mtafiti aliyetaka makala yako alikuandikia kadi ya posta kuomba nakala. Zilifika posta ya Ngara zikiwa na stempu za ndege na wafalme, kutoka nchi ambazo karani wa posta aliniuliza kama kweli zipo. Zote ziliandikwa jina la Mzee. Yeye alinipa zote, mimi nikatuma nakala, na stempu nikampa mama, akazibandika kwa uji wa muhogo kwenye mlango wa kabati lake la vyombo. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Nilijua kuna mtu sehemu fulani anasoma habari za vinyesi vya Lukole.

Kisha wakimbizi Wanyarwanda wakawa wamerudi kwao, Lukole ikabaki na Warundi, na mashirika yakaanza kufunga mizigo. Mzee alikuwa amestaafu, amerudi Biharamulo kwa mbuzi wake. Shirika letu likatangaza kwamba linaondoka na linataka kukabidhi maabara. Kulikuwa na njia mbili: ibaki Ngara, au vifaa vyote vipakiwe vipelekwe Mwanza. Kamati ya watu wa utafiti ndiyo ingeamua, na sharti lao lilikuwa moja. Maabara ingebaki Ngara kama Ngara ina mtafiti ambaye kazi zake zinatambulika. Kutambulika maana yake nini? Maana yake ni kwamba wenzako duniani, wanapoandika makala zao, wanaitaja yako kuwa wameitumia. Wanahesabu umeandika mara ngapi, na umetajwa mara ngapi.

Wengine wangeogopa. Mimi nilipiga makofi. Nilikuwa na kadi, jamani, mlango mzima wa kabati.

Nilipopeleka ripoti Mwanza nilipitia maktaba ya chuo kimoja ili nikajionee mwenyewe. Mkutubi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na yeye alikuwa mmoja wa wanakamati. Alinionyesha vitabu vya kuhesabia, vilivyotolewa msaada na chuo cha ng'ambo. Vilikuwa vizito, karatasi zake nyembamba kama maganda ya kitunguu, herufi zake ndogo hadi akaniazima kioo cha kukuzia. Unatafuta jina la mwandishi kwa mpangilio wa alfabeti, na chini yake unakuta wote waliomtaja.

Nikatafuta langu. Nikapita pale lilipotakiwa kuwa, nikarudi, nikapita tena taratibu nikiweka kidole. Alikuwepo mtu mmoja wa Finlandi, akafuata mmoja wa India, na katikati yao hakuna kitu. Nikachukua kitabu cha mwaka mwingine. Vilevile. Nilitoka kapa kwenye kila kitabu, mbele ya mwanamke ambaye angekaa kwenye kamati kuniamulia.

"Hawajanisoma," nilimwambia.

Mkutubi akaniuliza niliandika na nani. Nikamtajia Mzee. Akafungua ukurasa mwingine, na hapo palikuwa na jina la Mzee wangu wa mbuzi wa Biharamulo, na chini yake safu ndefu ya watu, mstari kwa mstari, inashuka ukurasa na kuendelea upande wa pili. Ilikuwa kazi yangu yote. Visahani vyangu vyote na rafu ya masista vilikuwa pale.

"Vitabu hivi vinaorodhesha kwa jina la kwanza tu," mkutubi alisema. "Anayefuata haonekani."

"Na kamati inatumia vitabu hivi?"

"Ndivyo tulivyo navyo, mwanangu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na nyongo. Tulisubiri msafara Biharamulo, askari wakapanda gari la mbele, tukaingia porini, watu wanaogopa majambazi, mimi sikuogopa mtu. Nilikuwa nagombana na Mzee kichwani. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikawa nakumbuka kwamba si yeye aliyepiga chapa, nikajigeuzia maneno yale yale mwenyewe, halafu nikamrudia yeye. Nilifika Ngara nimechoka kwa kugombana na mtu aliyekuwa nyumbani kwake anakamua mbuzi.

Jumapili nikaenda kwa mama. Nilimweleza yote. Mama hakusoma zaidi ya katekisimu, lakini mambo ya kuhesabiana heshima aliyajua sana. Kwetu, kwenye harusi, pombe ya ndizi hailetwi kimyakimya. Kila mtungi ukifika, msemaji anasimama mbele ya watu na kutangaza umetoka nyumba gani, na watu wanakumbuka miaka na miaka nani alileta na nani alikuja na mdomo tu.

"Kwa hiyo hao wa Mwanza," mama aliuliza, "wanahesabu ni watu wangapi wamesimama wakasema mtungi huu umetoka kwako?"

"Ndiyo, mama. Hivyo hivyo."

"Na ukijisimamia mwenyewe ukatangaza mtungi wako?"

"Wanaujua ujanja huo. Wanaondoa."

"Wana akili," mama alisema, akaendelea kuchambua maharage. "Sasa mtungi wako ulipofika harusini, ulimwambia msemaji umetoka kwa nani?"

Nikachota maharage kiganjani, nami nikaanza kuchambua.

"Si ulisema umetoka kwa Mzee? Sasa msemaji kosa lake ni nini?"

Niliudhika hadi nikasimama. Nilimwambia yeye ndiye aliyenilea hivyo, yeye ndiye aliyenipiga kiganjani kwa sababu nilitia mkono kwenye sahani kabla ya babu. Mama akakubali kabisa, na hilo likaniudhi zaidi. Akaniambia niende Biharamulo nikamwambie Mzee. Nikakataa. Nitamwambiaje mtu aliyenifundisha kazi kwamba jina lake limekaa pasipo pake? Ningeonekana namdai heshima niliyompa mwenyewe. Afadhali maabara iende.

"Haiwezi kuwa afadhali," mama alisema. "Wewe si uliniambia habari za yule mwanamke wa Bukiriro?"

Kisha akanikumbusha habari za mjomba. Kwenye harusi ya binamu yangu, msemaji alichanganya, akatangaza mtungi mkubwa kuliko yote kuwa umetoka kwa mjomba. Mjomba mwaka ule ndizi zake zilikuwa zimeungua na jua, alikuja mikono mitupu, na wakwe zake wote walikuwa wamekaa pale. Watu wakampigia vigelegele. Akasimama akasema, si wangu. Akakaa.

"Mpaka leo watu wanamsifia mtungi ambao hakuleta," mama alisema.

Sikwenda kumwona Mzee. Nilisema sitakwenda na sikwenda, ubishi ni wa kuzaliwa nao.

Kamati haikutaka kuja Ngara kwa sababu ya lile pori na msafara wake, kwa hiyo kikao kikawekwa Biharamulo, kwenye ukumbi wa halmashauri. Nilifika asubuhi na gari la kambi nikiwa na sketi yangu nzuri na bahasha ya makala. Nikamkuta Mzee anafika kwa baiskeli, suruali ameibana na kamba ya katani isishikwe na mnyororo, koti lake la zamani la hospitali limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Wameniita. Wanasema mimi ni mtu mkubwa ng'ambo." Akacheka. "Mama hajambo?"

Bila shaka walimwita. Kwa vitabu vyao yeye ndiye aliyekuwa mtafiti wa Ngara. Alikuwa amestaafu na kwa sheria hawangeweza kumkabidhi kitu, kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi kabisa: mtafiti ameshaondoka kazini, maabara ipelekwe Mwanza. Walimwita kumpongeza na kusikia habari za kazi yake kabla ya kuifunga.

Tuliketi. Mwenyekiti alikuwa profesa, mtu mzuri tu, mdogo kwa Mzee kwa umri. Alimwamkia Mzee vizuri, kisha akasoma. Alisoma nchi ambazo Mzee ametajwa, akasoma na baadhi ya majarida ya kitaalamu. Wanakamati wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mzee naye akatikisa kichwa, ana tabasamu lile lile la siku ya "haya." Sitaficha: kwa muda wa kumaliza soda moja nilimchukia. Nilimwangalia mikono yake imetulia juu ya kofia yake magotini na nikajisemea, kumbe ndivyo ulivyo.

Mwenyekiti akaweka karatasi chini. "Mzee, tueleze. Watu wengi walikuwa wanaitumia dawa ile bila wasiwasi. Wewe ulishukuje kwamba imeacha kufanya kazi?"

Mzee alifungua mdomo. Akaufunga. Akanitazama mimi, na ninaapa kwamba mpaka wakati ule hakuwa ameelewa alichoitiwa. Nilitazama chini kwenye viatu vyangu. Nilisikia kiti chake kikiburutwa, na nilipoinua macho alikuwa amesimama, ameshika kofia.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi sikushuku kitu."

Watu wakatabasamu, wakadhani ni unyenyekevu wa wazee.

"Nasema kweli. Nilimkataza. Huyu binti alikuja ofisini kwangu akaniambia dawa haiui, nikamwambia akanywe maji apumzike. Akaniomba nafasi kwenye jokofu nikamnyima. Alikwenda kuomba kwa masista. Mimi nilikuwa mkuu wa hospitali na nilimnyima jokofu." Alipumua. "Jina mnalolisoma hapo mbele ni la mtu aliyesema hapana. Angenisikiliza, ningekuwa naendelea kuwapa watu dawa ile, na wao wanaendelea kufa, na mimi naendelea kusema ni dawa nzuri. Kazi yangu kwenye karatasi hizo ni nukta na koma. Koma nyingine nilikosea."

Hakuna aliyecheka. Mzee mwenye mvi, mbele ya watu wadogo kwake, kwenye wilaya yake mwenyewe ambako kila mtu anamwita daktari, alikuwa amejivua nguo. Nilitaka kusimama kumkanusha, kusema Mzee anatia chumvi, maana mdomo ulishazoea kumpa kiti. Nikaung'ata.

"Muulizeni huyo," akamalizia. "Mimi nimekuja kunywa chai."

Akakaa, na kweli akamimina chai.

Wakaniuliza. Mwanzoni nilijibu kama mtahiniwa, kisha nikasahau nipo wapi. Nilieleza vijidudu vilivyokuwa vinaota, nilieleza rafu ya chini ya siagi, nilieleza tulivyojaribu dawa nyingine na ipi ilitupa tumaini. Mwanakamati mmoja akasema yote hayo ni sawa, lakini kitabu ni kitabu, na kitabu kinaonyesha kwamba mimi sijatajwa popote. Hapo breki zikakatika. Nilimwambia kama angekuja kambini wakati ule angeniona vizuri tu, kwa sababu nilikuwa peke yangu ndani ya kile chumba na nilikuwa nanuka. Nilimwambia nimeweka jina la mkubwa mbele kwa sababu nimelelewa, na kama adabu ni kosa la kitaalamu basi wanifundishe leo nisirudie. Lakini wasimwadhibu mtoto wa Bukiriro kwa sababu ya mpangilio wa majina.

Nilijua nimevuka mpaka.

Mkutubi wa Mwanza, ambaye hakuwa amesema lolote, akavua miwani. "Vitabu nilivileta mimi," alisema, "na kosa lake nalijua. Vinamtazama wa kwanza tu. Mimi napendekeza twende kwenye makala zenyewe, tumhesabie kila palipo na jina lake. Itachukua muda. Sina haraka ya kwenda popote." Mwenyekiti alikuna kidevu, akasema kamati itafakari.

Nje, Mzee alikuwa anafunga tena ile kamba ya katani kwenye suruali. Nilimfuata nikiwa na maneno mengi ya shukrani. Nilipoanza tu, akanikata.

"Uliijua hesabu yao kabla ya leo?"

"Niliijua, Mzee."

"Ukakaa kimya. Ukaniacha nije na baiskeli yangu, nimefua koti, niketi pale niwatikisie kichwa kama mbuzi." Alikuwa amekasirika kweli, midomo inamcheza. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya jokofu. "Umeniheshimu mpaka umenifanya mwizi, binti. Siku nyingine ukitaka kuniheshimu, niletee ndizi."

Akapanda baiskeli akaondoka. Nilibaki pale uwanjani nalia na kucheka, dereva wa kambi ananiuliza kama nimefukuzwa kazi.

Tulisubiri. Watu wa shirika walishaanza kupima masanduku ya kufungia vifaa, na mimi kila nilipopita karibu na kabati langu la joto nililigusa. Majibu yalikuja kwa redio ya upepo, asubuhi, tunapokea wagonjwa. Sauti ilikuwa inakatika na kurudi. Nilisikia "maabara", nikasikia "Ngara", kisha mikwaruzo, kisha mwendeshaji redio akamwomba arudie, na ile sauti ikasema polepole, neno moja moja, kwamba maabara inabaki Ngara chini ya uangalizi wangu, na kwamba makala zijazo ziwe na majina katika mpangilio unaostahili. Ova. Nilimkumbatia mwendeshaji redio, mtu mzima mwenye wake zake, naye akabaki amenyoosha mikono pembeni kama anapimwa nguo.

Makala iliyofuata haikuwa ya wakimbizi. Ilikuwa ya watoto wa wakulima, wengi wao wa Bukiriro, ambao majibu yao yalikuwa yanatoka juma lile lile, mama zao wakiwa bado wamewabeba mgongoni. Nilipofika pale kwenye majina, mkono ulisita. Ulisita kabisa, na watu wazima watanielewa. Kisha nikaliandika langu kwanza. Mzee nilimweka mwisho, kwenye shukrani, kwa kunifundisha kumsikiliza mgonjwa kabla ya kumgusa.

Ilipotoka nilisema nitampelekea na ndizi. Mama akasema na yeye anakwenda, na hawezi kwenda mikono mitupu. Alikuwa ametengeneza pombe ya ndizi. Dereva akaomba iwekwe kwenye dumu ili isimwagike njiani, mama akamjibu kwamba dumu ni la mafuta ya taa, akapakata mtungi magotini kutoka Murusagamba mpaka Biharamulo, mashimo yote, pori lote, askari mbele na askari nyuma.

Mzee alikuwa na majirani uani, wameketi kwenye mabenchi. Alivua kofia kwa mama. Wakasalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana mvua, wakaulizana mbuzi. Alipokea mkungu wa ndizi, akaupima uzito kwa macho. Kisha nikampa makala. Akavaa miwani, akasoma pale juu, akageuza kurasa zote mpaka mwisho, akajikuta kwenye shukrani.

"Mmenitoa kwenye kiti mkaniweka nyuma na watoto," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

Mama alikuwa ameshauweka mtungi katikati ya ua na ametulia kando yake, anasubiri. Mzee akauona. Watu wa Biharamulo nao wana harusi zao. Akasimama, kofia mkono mmoja na makala mkono mwingine, akaita majirani wanyamaze.

Akatangaza mtungi umetoka Murusagamba. Akataja jina la baba yangu marehemu, akataja la mama. Kisha akainua ile karatasi juu, majirani wakaitazama bila kujua ni nini, akasema na hii pia imetoka nyumba hiyo hiyo, akataja jina langu lote kama lilivyoandikwa. Mama aligeuka upande wa mbuzi ili nisimwone anajifuta macho. Mimi sikujificha, nililia pale pale mbele za watu.

Mzee akanitazama juu ya miwani. Akaniuliza kama kuna mahali amekosea mpangilio.

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Safari hii umepatia."